Faili Iliyobatizwa Sesilia

Uvira, Alhamisi, 22 Novemba 2012

Mtakatifu Sévère, somo yangu, salamu nyingi. Uko muzima? Afya yako iko namna gani, na ya wote mnaokaa pamoja huko juu? Najua mbinguni hakuna malaria, lakini kuuliza ni adabu. Sisi huku Kavimvira tuko wazima, isipokuwa goti la mke wangu Pudentienne, na vita.

Nakuandikia wewe kwa sababu Pudentienne hasikilizi tena mipango yangu. Anasema masikio yake yamechoka. Weye uko na nafasi. Uko na milele nzima.

Habari kubwa: Goma imeanguka juzi. Waasi wanasema sasa ni Bukavu, halafu sisi. Mji wote unafunga mizigo. Chef wa mtaa wetu amevuka mpaka kwenda Burundi asubuhi, godoro kichwani, na muhuri wa serikali ameusahau mezani. Pudentienne amefunga masufuria ndani ya kitenge. Na mimi nimefunga nini? Hakuna. Mimi nimefungua akili!

Fikiri kidogo, somo yangu. Kila mara utawala unapobadilika hapa, ni nani anapata cheo? Ni yule anayewahi kusema karibu. Vita ya kwanza alikuwa muuza ndagala, visamaki vile vya ziwa. Vita ya pili, kinyozi. Na wale walisema karibu tupu, bila karatasi! Sasa mimi, karani wa parokia, mutu wa mashini ya kompyuta, mutu wa Kifaransa mpaka darasa la nne la sekondari, nitakosa kweli?

Nimeandika hotuba ya kuwapokea waasi. Tamu! Nilipoisoma nililia mwenyewe. Inasema: Karibu, karibu, wewe uliyetoka mbali. Tumekungoja siku nyingi gizani. Waliotutesa wamekimbia, viatu wameviacha. Kiti hiki ni chako, ufunguo huu ni wako. Karibu, ewe (hapa nimeweka vitone, kwa sababu jina la kamanda silijui bado), mkombozi wetu! Na mimi mtumishi wako niko tayari: mtaa nitauchunga, Kifaransa nasema, mashini naandika. Chini, jina langu lote.

Nimeiweka ndani ya mashini ya parokia na kuiita karibu. Kisha nimeibatiza.

Hapo nikuelezee. Délice, binti ya dada yangu Domitille, anasoma mambo ya kompyuta Bukavu. Alipokuja likizo alinifundisha kuiandikia mashini amri kwa lugha inayoitwa C. Herufi moja tu, na lugha nzima! Alinitengenezea programu fupi inayouambia mfumo wa mashini: faili hii, ipe jina la pili. Alirudia mara nyingi kwamba hazikuwi faili mbili. Ni mwili mmoja, majina mawili. Nikamwambia, mwanangu, usijisumbue, hiyo naielewa kuliko wewe. Minye mwenyewe ni Niyongabo la nyumbani na Sévère la ubatizo. Wakati wa Zaïre serikali ilikataza majina ya ubatizo, nikawa Niyongabo peke yake shuleni. Lakini mama alifunga mlango, akaniita Sévère mpaka Zaïre ikaisha.

Toka hapo sipendi kuona kitu kisichobatizwa. Kila faili naipa jina la nyumbani, kisha jina la mtakatifu wa siku. Bei za mishumaa ni Yosefu. Ripoti ya choo cha shule ni Agnesi. Na leo ni sikukuu gani? Sesilia! Basi hotuba yangu nyumbani ni karibu, kanisani ni sesilia.

Antoine Habonimana amepita dirishani. Huyu ni mwalimu wa kwaya, na ni adui yangu katika Kristu. Anajua sauti, ila maneno hayamji, kwa hiyo tangu mwezi uliopita ananiomba maneno ya wimbo wa Sesilia, msimamizi wa wanakwaya, wauimbe Jumapili. Ameuliza: Karani, wimbo wetu umezaliwa ao bado iko tumboni? Nimemjibu iko mu mashini. Uongo mdogo. Sijaandika hata neno moja. Nitaungama Jumamosi.

Ijumaa, 23 Novemba

Salamu, somo yangu. Leo fupi.

Asubuhi malori yameingia kutoka upande wa Katogota, njia ya Bukavu, vumbi mpaka juu. Wamefika! Nimevaa koti. Nimepiga mbio hadi barabarani na hotuba mkononi, wa kwanza kabisa, Antoine yuko nyuma yangu anahema. Nimefungua kinywa. Karibu, karibu, wewe uliyetoka...

Nikaona bendera kwenye lori. Yetu! Ya serikali! Si waasi!

Kapiteni ameshuka na kuniuliza: uliyetoka wapi, mzee? Nikasema: uliyetoka safarini, Kapiteni, karibu chai. Karatasi nimeitafuna wakati anageuka. Bila chumvi.

Kapiteni huyu ni mrefu, mpole, anasema pole kwa kila mutu. Huo upole ndio unaniogopesha. Amekusanya watu na kutangaza kwamba yeyote aliyejitayarisha kuwapokea waasi atapanda lori, ataenda kujieleza Bukavu. Fundi wa cherehani alikutwa na bendera ngeni, nusu imeshonwa. Akaapa ni pazia. Kapiteni akasema vizuri sana, basi utashona mapazia ya kambi nzima. Watu walicheka. Minye nilicheka kuliko wote, jasho likinitoka.

Kisha akauliza ni wapi kuna mashini inayofanya kazi, aandike ripoti yake. Vidole vyote vya Kavimvira vikanielekea. Kesho atakuja. Atakaa kwenye kiti changu, mbele ya mashini yangu, mule hotuba yangu iko, na jina langu lote chini!

Lazima kufuta. Si kuficha. Kufuta milele.

Kwanza nimeitupa karibu ndani ya pubel, kile kindoo kidogo cha takataka kwenye kioo. Nimepumua. Halafu nikakumbuka: mwaka jana mahubiri ya Padri yalitupwa humo kwa makosa, na Délice aliyachomoa kama kijiko ndani ya maji. Kumbe pubel si jehanamu. Ni toharani! Mutu anaweza kutoka! Nimeirudisha mahali pake haraka.

Délice aliniambia jambo moja ambalo karani hawezi kusahau. Vindoo na vidirisha vya kwenye kioo ni makarani tu. Ukitaka neno la mwisho, andika C, wapite makarani, zungumza na mfumo wenyewe. Na amri ya kufuta inaitwa unlink. Nimeacha makaratasi ya ndoa za watu na kuanza kuandika.

Katikati Padri Ndayisenga ameniita nisaidie kupanga viti vya wakatekumeni. Alikuwa anawafundisha ubatizo. Amesema hata serikali ikuite namna gani, hata wewe mwenyewe ukimbie, ubatizo unaacha alama isiyofutika. Nimetikisa kichwa sana, amen, amen, na kurudi mbio kwenye programu yangu ya kufuta.

Mashini imekataa mara ya kwanza. Nilisahau nukta-mkato, ile nukta yenye mkia chini yake. Imenitukana kwa Kifaransa. Nimeweka nukta-mkato. Nimepiga ishara ya msalaba. Nimebonyeza.

Jibu: 0.

Sifuri! Sifuri naijua, somo yangu, tumeishi pamoja darasani miaka mingi. Nimeshindwa! Nimebonyeza tena kwa nguvu.

Jibu: -1.

Chini ya sifuri! Hata bruda wa hesabu, mutu asiye na huruma, hakuwahi kunipa chini ya sifuri! Nikataka kujaribu mara ya tatu, umeme ukakatika. Pudentienne ameleta bugali na sombe, majani ya muhogo. Nimekula kama mutu anayeagana na chakula.

Jumamosi, 24 Novemba

Somo yangu, furaha! Furaha! Imba nami huko uliko!

Nimempigia Délice simu. Yuko Gatumba, ng'ambo ya mpaka, alikimbilia huko na mama yake. Nikamwambia kwa aibu matokeo yangu. Amecheka mpaka Domitille akamnyang'anya simu akidhani kuna kilio. Kumbe kwa mashini sifuri ndiyo mia kwa mia! Sifuri maana yake kazi imefanyika, hakuna shida. Na ile chini ya sifuri maana yake imetafuta jina hilo tena na haikulikuta. Limeenda! Limekufa! Nilifaulu mara ya kwanza, kama wenye akili!

Délice akaanza kusema: lakini mjomba, ile mambo yako ya majina... Unite za simu zikaisha. Si kitu. Watoto wa siku hizi wanapenda kuongeza maneno.

Nimecheza ndombolo ofisini, peke yangu, mlango wazi. Watawa wawili walikuwa wakipita. Tulisalimiana.

Kapiteni amefika, akakaa, akafungua orodha ya faili zangu. Nikatazama bila woga wowote. Karibu haipo! Pale ilipokuwa pako safi kama sahani ya padri. Kapiteni akauliza mbona mashini hii imejaa watakatifu tu, Yosefu, Agnesi, Sesilia. Nikamjibu: ni parokia, Kapiteni, ungetaka ijae nani? Amecheka. Ametaka chai. Anaandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayechagua mchele.

Akanituma kwa Nasoro dukani kutafuta mafuta ya jenereta. Nasoro ni rafiki yangu, mwislamu wa watu wa zamani wa ziwa. Akaniuliza mbona leo natembea kama bwana harusi. Nikamwambia nimezika mutu ambaye hakuzaliwa. Akasema poleni sana, akaniongezea sabuni.

Niliporudi nimemkuta Antoine anatoka ofisini na rundo la karatasi za moto kutoka kwenye printa. Kumbe aliomba ruhusa kwa Kapiteni mwenyewe, na Kapiteni, bila kuacha ripoti yake, ndiye aliyebonyeza. Antoine akasema: aksanti kwa Sesilia, Karani, sikujua uko na moyo namna hiyo. Nikajua ananidhihaki, kwa sababu sijamwandikia kitu. Nikamjibu: kesho mutaimba hewa. Akasema: kesho utasikia hiyo hewa.

Mwenye wivu yule. Nimeenda kuungama. Ule uongo kuhusu wimbo nimeuondoa. Niko mwepesi!

Jumapili, 25 Novemba, Kristu Mfalme

Somo yangu. Ulikuwa wapi leo wakati wa misa? Nilikuita kwa sauti ya ndani mpaka meno yaliuma.

Misa ilianza vizuri. Kanisa limejaa, hata waliofunga mizigo wamekuja, mizigo wameikalia. Kapiteni benchi la mbele, kofia mapajani. Mimi benchi la pili, nyuma ya shingo yake, koti langu limepigwa pasi. Pudentienne kando yangu na kitenge cha masufuria miguuni, kwa sababu huyu mwanamke haniamini hata mbele ya Mungu.

Antoine anainua mikono. Wanawake wanaanza, taratibu, tamu kama asali ya Bijombo: Karibu, karibu, wewe uliyetoka mbali...

Nikasema moyoni, wimbo mzuri, niliusikia wapi?

Tumekungoja siku nyingi gizani...

Somo yangu! Damu yote ilinishuka kwenye viatu! Maneno yangu! Yale niliyoyafuta! Yale yaliyopata sifuri! Yamefufuka, yana sauti nne!

Waliotutesa wamekimbia, wakaimba wanaume, na viatu wameviacha! Na besi nyuma, ngurumo: viatu! viatu! Mara ya pili Antoine akaomba kanisa zima liitikie. Wakaitikia. Mzee mmoja alivua chake akakipunga juu. Nami natazama shingo ya Kapiteni, nasubiri igeuke. Nimetubu dhambi zangu zote, nikaongeza na chache za watu wengine. Pudentienne akanong'ona: Sévère, mbona huu wimbo unanukia weye? Nikasema nyamaza, tunasali.

Halafu wakafika kwenye vitone. Antoine alikuwa ameweka nini pale? Na kwaya nzima, macho juu, ikapasua paa: Karibu, ewe KRISTU, mkombozi wetu!

Shingo iligeuka. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, Kapiteni alikuwa anatafuta kitambaa. Analia! Mutu mrefu vile, analia kama mtoto wa kunyonya! Watawa wanalia. Padri Ndayisenga amevua miwani. Katika mahubiri alisema hajawahi kusikia Kristu akipokewa kwa namna ya kwetu hivi, kwa kiti na ufunguo, na kwamba wale walioacha viatu ni mashetani. Shangwe! Vigelegele! Pudentienne alifungua kitenge, akapiga sufuria kama ngoma. Kwa saa hiyo nzima, somo yangu, hakuna mutu Kavimvira aliyekumbuka vita. Nami nilicheza. Niliponea kwenye tundu la sindano, kwa nini nisicheze?

Hapa ndipo shangwe yangu iliingia mchanga.

Ule mstari wa mwisho, Kifaransa nasema, mashini naandika. Antoine aliubadilisha! Wameimba: mtaa nitauchunga, kwaya naongoza, kinanda napiga! Na jina langu chini amelikata kwa mkasi. Baadaye aliniambia karatasi ilikuwa ndogo. Karatasi ni ile ile ya siku zote!

Misa ilipoisha Kapiteni akauliza ni nani aliyetunga... Antoine alikuwa ameshainua mkono kabla swali halijaisha. Kapiteni akamkumbatia. Akasema chef wenu alikimbia, huyu hapa aliimba mbele ya watu wote kwamba yuko tayari kuchunga mtaa, basi ashike muhuri mpaka mwenyewe arudi. Watu wakapiga makofi.

Hotuba yangu, somo! Niliitunga inipe mtaa, na mtaa imeupata. Imempa Antoine!

Jumatatu, 26 Novemba

Salamu, somo yangu. Waasi hawakuja. Domitille na Délice wamerudi kutoka ng'ambo na samaki wa ziwa, mikeke ya kuchoma, Mungu awabariki.

Délice amekaa kwenye mashini na kunionyesha kosa. Kumbe unlink haiui faili. Inaondoa jina. Kando ya kila faili mashini inaandika hesabu ya majina iliyo nayo. Hotuba ilikuwa na mawili. Mimi niliondoa moja, likabaki moja, na faili haifi mpaka jina lake la mwisho liondoke. Akasema: mjomba, ulimnyang'anya la nyumbani tu, la ubatizo ulimwachia, na hilo ndilo nilitaka kukuambia kwenye simu. Nikaruka kutoka kitini. Alama isiyofutika! Padri alisema! Hata mashini ni katoliki!

Délice akasema basi, mjomba, tuite unlink kwa sesilia pia, sasa hivi, tumalize, kabla mutu mwingine hajasoma maneno yale bila Kristu ndani. Na vidole tayari viko juu ya herufi.

Nikajilaza juu ya mashini kwa tumbo langu lote.

Kufuta? Ushahidi wangu? Huoni, somo yangu, kwamba hii faili ndiyo kitu pekee duniani kinachosema kweli? Jina langu liko chini, halikukatwa na mkasi wa mutu. Mstari wa Kifaransa na mashini uko. Vitone viko, kwa hiyo Kapiteni ataona mwenyewe kwamba Kristu aliongezwa baadaye na Antoine. Na tarehe! Mashini imehifadhi tarehe: Alhamisi. Siku moja kabla ya malori ya Kapiteni kufika! Nani mwingine mtaani alijitayarisha mapema namna hiyo kupokea mgeni?

Délice akauliza, kwa sauti ndogo, mgeni gani, mjomba. Nikamwambia hiyo ni mambo ya pembeni.

Pudentienne alikuwa mlangoni. Kwa mara ya kwanza mwaka huu amesikiliza mpango wangu mpaka mwisho, hakunikatiza hata kidogo. Nimeguswa sana. Halafu akaenda jikoni, nasikia anafunga masufuria tena. Sijui kwa nini. Vita imepoa.

Ili ushahidi usipotee, nimeuongezea jina. Kubatiza mara mbili ni dhambi, hiyo najua, kwa hiyo hili ni la kipaimara. Leo ni Mtakatifu Leonardo. Na lile jina la nyumbani, karibu, nimelirudisha. Sasa ina majina matatu: karibu, sesilia, leonardo. Aje mutu aifute!

Nimechapa nakala moja safi na kuiweka kwenye koti. Kapiteni amekubali kunipokea kesho asubuhi, yeye na Antoine pamoja, ili mambo yawe wazi. Kitu kimoja tu kinanisumbua: nianze kumwonyesha vitone, ama nianze na ile ya waliotutesa wamekimbia? Wewe huko juu unaona moyo wa Kapiteni kuliko mimi. Tafadhali, somo yangu, unijibu upesi, kabla ya kesho asubuhi.